Kusinzia adhuhuri si uvivu, ni deni la usiku linalodaiwa mchana

Jua linapofika utosini, vijiji vilivyouzunguka Mlima Kasigau katika kaunti ya Taita Taveta hunyamaza. Makwasinyi ni mojawapo ya vijiji hivyo, pamoja na Rukanga, Jora, Bungule na Kiteghe. Tangu alfajiri wakazi wake huwa mbioni: wengine shambani, wengine malishoni, wengine wakichota maji au kusuka vikapu vya mkonge. Lakini kuanzia saa saba za mchana mazungumzo hupungua, jembe huegemezwa ukutani, na kivulini mtu mmoja baada ya mwingine hupitiwa na lepe la usingizi.

Mgeni anayepita wakati huo huenda akaondoka na fikra moja tu, kwamba hapa watu ni wavivu. Wahenga walionya kuwa ajizi ni nyumba ya njaa, na kwa miaka mingi usingizi wa mchana umetiwa katika kapu moja na ajizi. Mwanafunzi anayesinzia darasani hukaripiwa, kibarua anayesinzia kazini hupoteza ujira, naye mzazi anayejinyoosha barazani hudhaniwa kuwa amekata tamaa ya maisha.

Hata hivyo, sayansi ya usingizi inatoa maelezo tofauti. Kusinzia adhuhuri hutokana na mambo matatu yanayokutana kwa wakati mmoja: saa iliyomo mwilini, joto la mchana, na deni la usingizi ambalo mtu amelibeba tangu usiku. La kwanza ni la wanadamu wote. La pili ni la nchi za joto. La tatu ndilo lenye uzito zaidi kwa wakulima wa Kasigau, kwa kuwa anayewanyima usingizi ni mnyama mwenye uzani wa tani kadhaa ambaye mwenyewe hahitaji usingizi mwingi. Mnyama huyo ni ndovu.

Saa iliyomo mwilini

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali ambapo mishipa ya fahamu itokayo machoni hukutana, kuna kundi dogo la seli linaloongoza mzunguko wa mwili wa saa 24. Seli hizo hupokea habari za mwanga kutoka machoni, kisha hupanga wakati wa joto la mwili kupanda na kushuka, wakati wa homoni kumwagwa, na wakati wa mtu kuwa macho au kulala. Wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017 kwa kugundua jinsi jeni zinavyoiendesha saa hiyo.

Saa ya mwili haifanyi kazi peke yake. Mwaka 1982, mtafiti Alexander Borbély wa Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi, alieleza kwamba usingizi hutawaliwa na nguvu mbili. Ya kwanza ni saa hiyo. Ya pili ni uchovu unaorundikana kadiri mtu anavyokaa macho. Ubongo unapofanya kazi, kemikali iitwayo adenosini huongezeka, na kadiri inavyoongezeka ndivyo kope zinavyokuwa nzito. Usingizi wa usiku huipunguza, na mtu aliyelala vya kutosha huamka akiwa mwepesi.

Ifikapo adhuhuri, uchovu umeshaanza kurundikana, ilhali saa ya mwili bado haijatoa msukumo wake mkubwa wa kumweka mtu macho. Msukumo huo huja jioni. Katika pengo hilo, baina ya saa saba na saa kumi, umakini hupungua, mikono hufanya kazi polepole na makosa madogo madogo huongezeka. Jioni inapoingia mtu huchangamka tena, hata kama hakulala mchana. Ndiyo sababu aliyekuwa akisinzia saa nane huweza kukaa akipiga gumzo hadi saa tatu usiku.

Pengo hilo ni dogo kwa mtu aliyelala vizuri. Anaweza kulipita kwa kutembea, kunawa uso au kubadilisha kazi. Kwa mtu aliyekesha, pengo hilo hilo hugeuka kuwa shimo.

Sima si mshtakiwa pekee

Watu wengi hukilaumu chakula. Mlo wa mchana ukiwa sima kwa kunde, au kimanga kilichopondwa kikapondeka, usingizi unaofuata huhesabiwa kuwa ni wa shibe. Kuna hata imani kwamba damu yote hukimbilia tumboni na kuuacha ubongo mkavu.

Mwili hauendeshwi hivyo. Ubongo hulinda mgao wake wa damu kwa uangalifu mkubwa, hata tumbo linapokuwa na kazi nyingi. Isitoshe, majaribio ya maabara yameonyesha kwamba hata watu wasiokula chakula cha mchana hupungukiwa na umakini katika saa hizo hizo. Kinachofanywa na mlo mkubwa, hasa wenye wanga mwingi, ni kuzidisha usingizi ambao ulikuwa tayari njiani. Anayekula kiasi husinzia kidogo, naye anayeshindilia husinzia sana.

Joto nalo lina mchango wake. Mlima Kasigau una kimo cha mita 1,641, na kileleni kuna msitu wa ukungu ulio sehemu ya safu ya milima ya Tao la Mashariki. Chini yake mambo ni mengine: nyika ya miiba iliyokauka, ambako vipimo vya joto hupita nyuzi 30 katika miezi ya kiangazi. Makwasinyi ipo karibu nyuzi nne kusini mwa ikweta, kwa hivyo mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi Machi na mapema mwezi Oktoba, jua la adhuhuri husimama karibu kabisa wima juu ya vichwa vya watu.

Katika hali hiyo mwili hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi na kutoa jasho ili upoe. Moyo hufanya kazi zaidi, maji hupungua mwilini, na uchovu hufuata. Kuacha kazi ya jembe kwa saa mbili tatu wakati huo ni kinga. Serikali ya Oman, nchi yenye wakazi wengi wazungumzao Kiswahili, imeliweka jambo hilo katika sheria: kuanzia Juni hadi Agosti ni marufuku kuwafanyisha vibarua kazi juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu za mchana.

Usiku juu ya dungu

Kasigau ipo baina ya mbuga mbili kubwa, Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizoanzishwa mwaka 1948. Hakuna ukuta unaozitenganisha mbuga hizo na makazi ya watu. Ndovu huvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa kupitia ranchi kama vile Rukinga, wakifuata maji na malisho. Mvua ikinyesha na mahindi, kunde na pojo zikaanza kukomaa, harufu ya mashamba huwavuta.

Ndovu mmoja anaweza kula mamia ya kilo za majani na mimea kwa siku, na anachokikanyaga huenda kikazidi anachokila. Familia iliyolima ekari mbili inaweza kulala ikiwa na matumaini ya gunia kadhaa, ikaamka ikiwa haina hata debe. Kwa sababu hiyo, mahindi yanapokaribia kukauka, kuamia shamba huwa ni kazi ya kila usiku. Watu hupanda juu ya dungu au hukaa kando ya moto, wakiwa na tochi, madebe ya kupiga na sauti zao. Mmoja akipiga kelele, jirani huitikia, na usiku hupita hivyo.

Katika kazi hiyo mkulima anashindana na mnyama ambaye hawezi kumshinda kwa kukesha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu ndovu wawili wa kike nchini Botswana ulionyesha kwamba walilala kwa wastani wa muda wa saa mbili tu kwa siku, hasa katika saa za kabla ya mapambazuko, na mara nyingi wakiwa wamesimama. Zipo nyakati walizokaa macho kwa saa 46 mfululizo. Binadamu hana uwezo huo.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Wataalamu hupendekeza mtu mzima alale kwa muda usiopungua saa saba katika kila siku. Chukua mfano wa mkulima anayepanda dunguni saa tatu usiku, akashuka saa kumi na moja alfajiri baada ya kuiba usingizi wa vipande vipande unaofika saa tatu kwa jumla. Kila usiku anabaki na deni la saa nne. Baada ya wiki moja deni hilo ni saa 28, sawa na kukosa usingizi wa usiku minne kamili. Kisha asubuhi anatarajiwa kupalilia, kuchunga, kupeleka watoto shuleni na kuhudhuria mkutano wa chifu.

Anaposinzia saa nane mchana, mwili wake unadai haki yake. Deni hilo pia halimwandami baba peke yake. Mama anayeamka kila yowe linaposikika hana usingizi kamili, hata kama hakupanda dunguni. Mtoto aliyeamshwa mara tatu usiku na madebe hufika darasani akiwa na kope nzito, na kukaripiwa hakumwongezei hata dakika moja ya usingizi.

Zamu za usiku si jambo geni kwa wanadamu

Kukesha kwa zamu kuna historia ndefu. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa usingizi wa Wahadza, wawindaji na wakusanyaji wa matunda wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania. Watu wazima 33 walivalishwa vifaa vya mkononi vya kupima mienendo ya usingizi kwa siku 20. Katika usiku wote huo, ni dakika 18 tu ambapo wote walikuwa wamelala kwa pamoja. Wazee walilala mapema na kuamka mapema, vijana walichelewa, na kwa njia hiyo karibu kila saa palikuwa na mtu aliye macho kwa niaba ya wengine.

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2015, uliwalinganisha Wahadza na Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, jamii ambazo hazikuwa na taa za umeme. Wengi walilala kwa muda wa kati ya saa 5.7 na 7.1 usiku. Usingizi wa mchana ulikuwa nadra: chini ya asilimia 7 ya siku za majira ya baridi, na chini ya asilimia 22 ya siku za majira ya joto. Matokeo hayo yanafundisha mambo mawili. La kwanza, usingizi wa mchana si lazima kwa kila mtu kila siku. La pili, siku za joto huuongeza.

Kwa maneno mengine, jamii inayolala kila adhuhuri ina sababu yake, na sababu hiyo ni ya kutafutwa badala ya kukemewa.

Kailula na saa sita

Kwenye miji ya Waswahili, usingizi wa adhuhuri una jina lake. Huitwa kailula, neno lenye asili ya Kiarabu. Katika Uislamu usingizi huo mfupi huhesabiwa kuwa ni mwendo mwema, kwa kuwa humsaidia mja kuamka usiku kwa ibada. Katika Mji wa Kale wa Mombasa, Lamu na Unguja, maduka mengi yamezoea kufungwa baada ya sala ya adhuhuri na kufunguliwa tena alasiri, jua linapokuwa limelegea.

Wahispania nao wana neno siesta, ambalo limejulikana duniani kote. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya saa ya sita. Warumi walihesabu saa za mchana kuanzia mapambazuko, kama wafanyavyo Waswahili hadi leo, na saa yao ya sita ilikuwa adhuhuri. Kwa hiyo siesta ni usingizi wa saa sita, na Mswahili halihitaji kamusi neno hilo ili alielewe. Mwaka 2015 meya wa mji mdogo wa Ador, mashariki mwa Uhispania, alitoa tangazo rasmi la kuwataka wakazi wapumzike na kutulia kati ya saa nane na saa kumi na moja za mchana katika kipindi cha joto kali.

Tofauti baina ya desturi hizo na hali ya Makwasinyi ni moja. Mwenye duka wa Lamu hulala mchana baada ya kulala usiku. Mkulima anayeamia shamba hulala mchana kwa sababu hakulala usiku. Wa kwanza anajiongezea nguvu, wa pili anapunguza hasara.

Dakika ishirini au saa nzima?

Swali ambalo huulizwa mara kwa mara ni muda gani unafaa. Jibu linategemea jinsi usingizi ulivyopangwa. Mtu anapolala huanza na usingizi wa mang'amung'amu, ambamo sauti ndogo humwamsha. Baada ya dakika 20 hadi 30 hivi, huzama katika usingizi mzito. Mzunguko mzima, kutoka mwepesi hadi mzito na kurudi kwenye wa ndoto, huchukua kama dakika 90.

Anayeamka kabla ya kuzama huwa mwepesi papo hapo. Anayeamshwa katikati ya usingizi mzito huamka akiwa na kichwa kizito, mdomo mkavu na hasira, na huenda akachukua nusu saa au zaidi kabla ya akili kutulia. Hiyo ndiyo sababu baadhi ya watu husema kwamba usingizi wa mchana huwachosha zaidi. Uliowachosha ni muda waliochagua kuamka.

Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA, liliwahi kutoa ripoti kuhusu marubani wa safari ndefu waliopewa nafasi ya kupumzika kwa zamu wakiwa angani. Walilala kwa wastani wa dakika 26. Ikilinganishwa na marubani ambao hawakupumzika, utendaji wao ulikuwa bora kwa asilimia 34 na uchangamfu wao kwa asilimia 54. Tangu hapo dakika 20 hadi 30 zimekuwa kipimo kinachopendekezwa kwa mtu anayetaka kurudi kazini mara moja.

Kwa aliyekesha usiku kucha, dakika hizo hazitoshi. Huyo hufaidika na mzunguko mzima wa saa moja na nusu, mradi apate nafasi ya kuamka polepole. Wakati unaofaa ni kabla ya saa tisa alasiri. Anayelala saa kumi na moja jioni hupunguza uchovu ambao ungemsaidia kulala usiku, na kwa mtu ambaye usiku huo si zamu yake ya kuamia, hiyo ni hasara.

Je, kailula huulinda moyo? Mwaka 2007 watafiti waliowafuatilia Wagiriki 23,681 walitangaza kuwa waliokuwa na mazoea ya kulala mchana walikuwa na uwezekano wa kufa kwa maradhi ya moyo uliopungua kwa asilimia 37. Tafiti nyingine zimehusisha usingizi wa mchana unaozidi saa nzima na kisukari pamoja na maradhi ya moyo. Ni vyema msomaji atambue kwamba tafiti za namna hii huonyesha mambo yanayoandamana, bila kuthibitisha kipi kilichosababisha kingine. Huenda mtu analala sana mchana kwa kuwa tayari ni mgonjwa.

Hatari iliyo barabarani

Usingizi wa adhuhuri ukimkuta mtu kivulini, haumdhuru mtu. Ukimkuta akiwa ameshika usukani, huua. Kutoka Kasigau hadi Maungu, barabara ya Nairobi kwenda Mombasa haiko mbali, na malori ya mizigo hupita hapo usiku na mchana. Tafiti zilizofanywa Uingereza kuhusu ajali zinazotokana na usingizi zimeonyesha kuwa huongezeka katika vipindi viwili: kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri, na tena kati ya saa nane na saa kumi alasiri. Hivyo ndivyo vipindi ambavyo saa ya mwili hulegea.

Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hufanya makosa sawa na mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Dereva wa bodaboda aliyeshinda juu ya dungu kisha akaingia kazini asubuhi bila kulala ameshavuka kipimo hicho, hata kama hajaonja tone la pombe.

Nchini Kenya, marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 2012 yanakataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha kwa zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Lakini sheria huhesabu saa za usukani. Haihesabu saa ambazo dereva alikosa kulala kabla ya kuushika.

Wengi hukimbilia chai nzito, kahawa, miraa au muguka. Kafeini iliyo katika chai na kahawa hufanya kazi kwa kuizuia adenosini isifanye kazi yake ubongoni. Haiiondoi. Nguvu yake ikiisha, usingizi uliokuwa umezuiwa huja kwa pamoja, na kwa kuwa nusu ya kafeini huweza kubaki mwilini baada ya saa tano hivi, kikombe cha saa kumi na moja jioni huweza kuuharibu usingizi wa saa nne usiku. Miraa na muguka zina kemikali iitwayo kathinoni, ambayo humweka mtu macho kwa nguvu zaidi. Mnamo Mei 2024 serikali ya kaunti ya Taita Taveta ilifuata nyayo za kaunti za Mombasa na Kilifi katika kuipiga marufuku muguka, hatua iliyozua ubishi mkubwa kati ya viongozi wa Pwani na wakulima wa zao hilo. Ubishi huo uliacha kando swali moja: kwa nini watu wengi hivyo wanahitaji kitu cha kuwazuia wasilale?

Usingizi unapokuwa dalili

Si kila anayesinzia ana deni la usiku. Wapo wanaolala saa nane kamili na bado husinzia kila siku hata wakiwa katikati ya mazungumzo. Hao wanafaa kumwona daktari. Miongoni mwa sababu zinazojulikana ni upungufu wa damu, kisukari, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, sonona, ujauzito, na baadhi ya dawa za mafua na za mzio. Anayekoroma sana usiku na kukatikiwa na pumzi, kisha akaamka na maumivu ya kichwa, huenda njia yake ya hewa inaziba akiwa usingizini.

Joto kali nalo lina hatari ambayo hufanana na usingizi. Mtu aliyekuwa juani akaanza kulegea, kutapika, kuzungumza maneno yasiyoeleweka au kuwa na ngozi yenye moto mkali, asiachwe alale kivulini kwa matumaini kwamba ataamka salama. Anapaswa kupozwa kwa maji mara moja na kukimbizwa hospitali.

Wazee wa nyika hukumbuka pia malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o ambao humfanya mgonjwa alale mchana na kukesha usiku. Mnamo Agosti 2025, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Kenya imeutokomeza ugonjwa huo kama tatizo la afya ya umma. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa nchini kutoka miongoni mwa wenyeji aliripotiwa mwaka 2009. Mbung'o bado wapo katika eneo la Tsavo na huwaambukiza ng'ombe nagana, lakini mkulima anayesinzia Kasigau hana haja ya kuingiwa na hofu ya malale.

Dawa yenyewe ni ya usiku

Mashauri ya usingizi wa mchana si mengi. Mtu ale kiasi, anywe maji, atafute kivuli chenye upepo, alale kabla ya saa tisa, na aamue mapema kama ni dakika 20 au saa moja na nusu. Wanaoamia shamba kwa zamu wagawane usiku ili kila mmoja apate angalau kipande kimoja kirefu cha usingizi, kwa kuwa usingizi wa mfululizo hushinda usingizi uliokatwakatwa. Asiyelala usiku asipande pikipiki asubuhi kabla ya kulala kidogo.

Hata hivyo, kailula haifuti deni lote. Hulipunguza tu. Mtu anayekosa saa nne kila usiku hawezi kuzirudisha kwa dakika 20 za barazani, hata akizipanga vipi. Kwa hiyo suluhisho la usingizi wa mchana wa Makwasinyi haliko mchana. Liko kwenye mpaka wa shamba.

Mfano upo karibu. Huko Sagalla, nje kidogo ya mji wa Voi, wakulima wakishirikiana na shirika la Save the Elephants wamezungushia mashamba nyaya zilizotundikwa mizinga ya nyuki. Ndovu akiugusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka, naye huogopa sana kuumwa mkongani na kwenye macho. Utafiti wa miaka tisa uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa katika misimu ya mazao mengi, nyua hizo ziliwarudisha hadi asilimia 86 ya ndovu waliozikaribia. Ukame ulipowapunguza nyuki, kinga nayo ilipungua. Njia nyingine zinazotumika ni kamba zilizopakwa pilipili na mafuta machafu ya gari, na kupanda mazao ambayo ndovu hayapendi, kama vile alizeti na ufuta.

Kwa kawaida nyua hupimwa kwa magunia yaliyookolewa. Kipimo kingine ambacho hakijazoeleka ni saa za usingizi zilizorudi nyumbani. Familia ambayo haihitaji kukesha dunguni hupata mavuno, na pamoja na mavuno hupata mama asiyeshtuka usiku, mtoto anayemsikiliza mwalimu baada ya saa nane, na dereva anayefika Voi salama. Mpaka siku hiyo ifike, anayemkuta mkulima wa Kasigau amejinyoosha kivulini adhuhuri na amwache alale. Jua likitua atapanda tena dunguni.